Simu iliyochukuliwa baada ya risasi: polisi wa Marekani wanaupataje ushahidi uliomo?

Swali la msomaji aliyeko Marekani: "Mdogo wangu alikuwapo mahali palipofyatuliwa risasi usiku, na mtu mmoja akafariki. Polisi walimhoji, wakachukua simu yake palepale wakisema wataomba hati ya mahakama. Leo ni siku ya 12 na simu haijarudi. Je, wana haki hiyo? Wanaweza kusoma WhatsApp yake? Na ni kweli kwamba minara ya simu inaonyesha mtu alisimama wapi? Hakufanya kosa lolote, lakini nyumbani hatulali."

Jibu

Poleni sana. Mmeuliza mambo kadhaa kwa pamoja na majibu yake hayafanani, kwa sababu kinachoitwa "ushahidi wa simu" hakitoki mahali pamoja. Kuna kilichomo ndani ya simu yenyewe. Kuna kumbukumbu zinazobaki kwenye kampuni ya mtandao, ile inayowauzia laini. Halafu kuna vitu vilivyohifadhiwa na kampuni kama Google, Apple na Meta, mmiliki wa WhatsApp. Kila sehemu ina njia yake ya kisheria ya kuifikia, na kila moja ina muda wake kabla data haijafutika. Mkizichanganya mtaogopa pasipo sababu, au mtatulia mahali mlipopaswa kushtuka.

Nianze na simu waliyoichukua. Polisi wanaweza kuishikilia simu kwa muda bila hati ikiwa wana sababu ya msingi ya kuamini ina ushahidi, na kuna hatari ushahidi huo ukapotea wakati hati inaombwa. Kuifungua na kutazama ndani ni hatua nyingine kabisa. Mpaka kati ya hatua hizo mbili uliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014, katika kesi ya Riley v. California, na majaji wote 9 walikuwa upande mmoja. Kesi hiyo nayo ilihusu risasi. Mwaka 2009 David Riley alisimamishwa na polisi San Diego akiwa na gari ambalo usajili wake ulikuwa umekwisha muda. Bastola zikakutwa chini ya boneti, polisi wakaipekua simu yake bila hati, na ndani wakaona picha yake akiwa mbele ya gari lililoshukiwa kutumika katika ufyatuaji risasi wa wiki chache kabla. Mahakama ikasema kumkamata mtu hakuwapi polisi ruhusa ya kupekua simu yake. Waende kuomba hati.

Kwa hiyo swali la kuuliza kwanza kuhusu simu ya mdogo wako ni hili: hati iliombwa tarehe gani? Simu kukaa kwa polisi hata miezi baada ya hati kutolewa ni jambo la kawaida, maana maabara zina foleni. Kuishikilia bila kuomba hati ndiko kunakoleta matatizo. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ya shirikisho ya mzunguko wa 11 (kila mzunguko ni eneo lenye mahakama yake ya rufani), katika kesi ya Mitchell, iliona siku 21 kuwa ni nyingi mno, kwa sababu afisa alikuwa na diski ya kompyuta mkononi na hakuwa na sababu ya maana ya kuchelewa. Siku 12 peke yake haithibitishi kwamba haki imevunjwa, ila inatosha kwa wakili kuandika barua na kuuliza. Kesi nyingi za risasi husikilizwa na mahakama za majimbo, na baadhi ya majimbo yanamlinda mtu zaidi ya sheria ya shirikisho, kwa hiyo atafutwe wakili anayefanya kazi katika jimbo hilohilo.

Hati yenyewe ikipatikana, isomeni neno kwa neno. Hutolewa baada ya afisa kuandika kiapo mbele ya jaji, akieleza kosa gani linachunguzwa, kwa nini anaamini ushahidi wake umo katika simu hii hasa, anataka data za aina gani na za kipindi gani. Maneno kama "kila mtu siku hizi ana simu, na wahalifu huwasiliana kwa simu" hayatoshi, ingawa bado yanaandikwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Washington, D.C. iliamua katika kesi ya Burns, kesi ya mauaji kwa risasi, kwamba hati zilizoruhusu kupekua karibu kila kitu ndani ya simu zilikuwa pana kupita kiasi. Hati iliyoandikwa kwa uangalifu itataja simu zilizopigwa, ujumbe, picha, video na mahali, kwa siku zinazohusiana na tukio. Ikivuka siku hizo inapaswa ieleze kwa nini, kwa mfano kulikuwa na ugomvi ulioanza wiki mbili kabla, au bunduki ilinunuliwa tarehe fulani.

Ipo njia isiyohitaji jaji, nayo ni ridhaa. Shahidi huletewa fomu ya ukurasa mmoja, usiku, akiwa bado anatetemeka, akaambiwa "tunataka tu ile video". Fomu nyingi huruhusu upekuzi wa simu nzima. Mtu ana haki ya kuandika kwa mkono kwamba anaruhusu faili fulani pekee, ana haki ya kukataa, na anaweza kuondoa ridhaa yake kabla kazi haijafanyika. Ulizeni kama mdogo wako alitia saini kitu chochote usiku ule. Kama alitia, jambo hilo linabadilisha mengi katika jibu hili.

Na kama kweli alirekodi video, ni muhimu polisi wapate faili la asili kutoka kwenye simu, kwa njia halali. Video iliyopitia WhatsApp imebanwa, na metadata nyingi za kamera, yaani taarifa zinazoambatana na faili, pamoja na saa halisi ya kurekodiwa na mahali, zimeondoka. Sauti nayo hupoteza ubora. Katika uchunguzi wa risasi sauti ina thamani kubwa: mtaalamu huhesabu milio, hupima muda kati ya mlio na mlio, na huweza kuona kama hesabu hiyo inalingana na maganda yaliyookotwa, au kama kulikuwa na silaha mbili. Nimesisitiza hili kwa sababu video ya shahidi mara nyingi ndiyo inayomwondolea shahidi huyohuyo shaka.

Kuhusu namba ya siri, mahakama hazijakubaliana. Mahakama ya juu ya Pennsylvania iliamua mwaka 2019 kwamba mtuhumiwa halazimishwi kuitoa. Ile ya New Jersey mwaka 2020 ikaamua kwamba anaweza kulazimishwa. Alama ya kidole nayo ina mgawanyiko wake: mahakama ya rufani ya mzunguko wa 9 iliruhusu mwaka 2024 kidole cha mtu kutumika kufungua simu yake, na Januari 2025 ile ya mzunguko wa D.C. ikasema kumlazimisha mtu afungue simu kwa dole gumba kunakiuka haki yake ya kutojishuhudia. Kama mdogo wako hajatoa namba, asiitoe kabla ya kuzungumza na wakili. Aseme kwa adabu kwamba anataka wakili, kisha anyamaze.

Sasa tuiangalie simu ikiwa mikononi mwa afisa, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama kutakuwa na ushahidi wa kutegemewa. Afisa anayejua kazi huvaa glavu na kupiga picha ya simu ilivyokutwa, pamoja na saa inayoonekana kwenye kioo, halafu huandika saa halisi kando yake ili tofauti ijulikane. Haifungui programu yoyote "kuchungulia tu", kwa sababu kila mguso huandikwa ndani ya simu na baadaye utetezi utauliza nani alifungua picha saa nane usiku wakati simu ilikuwa kituoni. Kama ina damu au kuna mgogoro kuhusu nani aliishika, sampuli za vinasaba na alama za vidole huchukuliwa kabla mtu hajaanza kuibonyeza.

Baada ya hapo simu hukatwa na mtandao ili isifutwe kwa mbali. Huwekwa kwenye hali ya ndege kama inawezekana, kisha hutiwa kwenye mfuko wa Faraday unaozuia mawimbi. Hapa watu wengi hukosea. Simu isiyo na mtandao ndani ya mfuko huongeza nguvu ikiutafuta mnara, na betri inaisha upesi. Ikizimika, mambo hubadilika, kwa sababu simu za kisasa zina hali mbili. Ikiwa imewahi kufunguliwa kwa namba ya siri tangu iwashwe, funguo nyingi za usimbaji (ufichaji wa data kwa msimbo) zimo kwenye kumbukumbu yake hata kama kioo kimefungwa, na vifaa vya maabara vinaweza kufikia mengi. Ikizimwa na kuwashwa upya, funguo hizo hazipo mpaka mwenyewe aandike namba, na kinachopatikana ni kidogo sana. Ndiyo maana betri ya akiba huwekwa ndani ya mfuko pamoja na simu. Waya ukitokea nje ya mfuko hugeuka antena na kuharibu kazi yote. Tangu mwaka 2024, iPhone zenye iOS 18.1 na kuendelea hujiwasha upya zenyewe zikikaa takriban saa 72 bila kufunguliwa, na Google ilileta utaratibu kama huo kwenye Android mwaka 2025. Tangu hapo simu iliyokaa kwenye rafu ya stoo mwishoni mwa wiki huweza kuwa imejifunga kabisa Jumatatu.

Maabara hutumia vifaa kama vya Cellebrite au GrayKey. Uchukuaji wa juujuu hutoa kile ambacho simu yenyewe inakubali kutoa: majina, ujumbe, picha. Uchukuaji wa mfumo mzima wa faili huenda chini zaidi, hadi kwenye hifadhidata ambazo mwenye simu hazijui. Kwenye iPhone ziko kumbukumbu za saa kioo kilipofunguliwa na kufungwa, programu gani ilikuwa mbele ya macho, simu iliunganishwa na chaja saa ngapi, hatua zilizotembewa, na nukta za mahali zilizorekodiwa kwa ukaribu mkubwa. Kumbukumbu za matumizi hukaa takriban wiki nne. Zile za mahali zenye undani mkubwa hukaa takriban wiki moja tu, na simu ikiendelea kuwaka huzifuta zenyewe hata ikiwa kabatini kwa polisi. Kuchelewa huko humuumiza hata asiye na hatia: hatua 0 kati ya saa 3:10 na saa 3:20 usiku, simu ikiwa kwenye chaja, ni utetezi mzuri ambao baada ya siku kadhaa huenda usipatikane tena.

Kazi ikiisha, programu hukokotoa alama ya SHA-256 ya faili lililochukuliwa, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, alama hiyo hubadilika. Tangu Desemba 2017 kanuni za ushahidi za shirikisho zinaruhusu nakala kuthibitishwa kwa cheti cha mtaalamu anayeeleza alama hizo zinalingana, bila kumwita shahidi kwa ajili hiyo tu.

Je, wataisoma WhatsApp? Ujumbe unaposafiri umesimbwa kutoka simu hadi simu tangu mwaka 2016, na Meta haina maudhui yake ya kuwapa polisi. Inaweza kutoa taarifa za akaunti, anwani za intaneti zilizotumika na vitu vya namna hiyo, kwa amri inayostahili. Lakini simu ikifunguliwa maabara, mazungumzo yote yapo pale, yanasomeka kama anavyoyasoma mwenyewe. Bekapu, yaani nakala ya akiba, nayo isisahaulike. Kama ilipelekwa iCloud au Google Drive bila usimbaji wa ziada, ni mlango mwingine. Apple huweza kufungua bekapu ya kawaida ya iCloud ikiletewa hati. Kwa mtu aliyewasha ulinzi wa juu wa data, ulioanza Desemba 2022, haiwezi. Na kila mazungumzo yana ncha mbili: aliyeandikiwa naye ana simu, na akiwapa polisi kwa hiari yake, hakuna usimbaji unaozuia hilo.

Nije kwenye minara, maana hapa ndipo watu wasio na hatia wamewahi kuumia, na ningeomba msome polepole.

Kampuni ya mtandao ikiletewa hati hutoa jedwali. Mstari mmoja unaweza kusema hivi: tarehe, 01:14:07 hadi 01:15:33, namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, sekunde 86, mnara namba fulani, antena inayoelekea nyuzi 120. Jambo la kwanza la kuuliza ni saa hiyo ni ya wapi. Kampuni nyingine huandika kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya kimataifa, nyingine kwa saa ya eneo, na faili moja linaweza kuwa na majedwali ya aina zote mbili. Saa 01:14 UTC ya tarehe 5 Julai ni saa 3:14 usiku wa tarehe 4 mjini New York. Majira ya baridi inakuwa saa 2:14, kwa sababu saa zimerudishwa nyuma. Mpelelezi akikosea hapo, mtu aliyekuwa nyumbani anawekwa barabarani.

Jambo la pili ni maana ya mnara. Minara mingi ina pande tatu, kila upande ukihudumia takriban nyuzi 120. Mjini eneo la upande mmoja huenda likawa mita mia kadhaa hadi kilomita chache. Mashambani linaweza kufika makumi ya kilomita. Na simu haichagui mnara ulio karibu, huchagua ishara inayoipata vizuri wakati huo. Jengo refu, kilima, maji, au msongamano wa watu kwenye mnara jirani, vyote huweza kuisukuma simu kwa mnara wa mbali. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu atasema: "wakati huo simu ilikuwa ndani ya eneo linalohudumiwa na antena hii." Akisema "alikuwa kwenye kona ya barabara ile", amevuka kile ambacho jedwali linabeba. Zile ramani zenye vipande vya rangi kama vya keki huonekana zina kingo kali, lakini kingo hizo zimechorwa na programu. Mawimbi hayakomi pale. Anayetaka kujua ishara inafika wapi huzunguka eneo kwa gari lenye kifaa cha kupimia, tena mapema, kabla kampuni haijageuza antena.

Kuna data nzuri zaidi, zinazotokana na muda ambao ishara inachukua kati ya simu na mnara. Katika 4G hatua moja ya kipimo hicho ni takriban mita 78. Hii hutoa tao la umbali kutoka mnarani, si nukta, na ishara ikigonga majengo kabla ya kufika, umbali huonekana mrefu kuliko ulivyo. Kampuni huzihifadhi kwa muda mfupi, kuanzia siku chache hadi miezi michache kutegemea kampuni, ilhali orodha ya kawaida ya simu zilizopigwa hukaa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo mpelelezi makini hutuma barua ya kuzuia ufutaji usiku uleule. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 kuhusu mawasiliano yaliyohifadhiwa inailazimisha kampuni kutunza ilichonacho kwa siku 90, na barua inaweza kurudiwa kwa siku 90 nyingine. Haihitaji jaji, ila haiwapi polisi chochote cha kusoma. Inasimamisha ufutaji tu, tena wa yale yaliyopo siku hiyo. Kupata jina la mwenye namba na orodha ya simu, hati ya wito, yaani amri ya kuleta kumbukumbu, inaweza kutosha. Kupata historia ya mahali, tangu kesi ya Carpenter ya mwaka 2018, kwa kawaida lazima iwepo hati ya upekuzi. Katika kesi hiyo serikali ilikuwa imechukua nukta 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja kwa siku 127, na majaji 5 dhidi ya 4 wakasema hilo linahitaji hati. Dharura ina utaratibu wake: kama mfyatuaji amekimbia na silaha na kuna hatari ya kifo, sheria inairuhusu kampuni kutoa mahali ilipo simu yake papo hapo.

Pale ambapo hakuna mshukiwa, polisi huomba orodha ya simu zote zilizogusa mnara kwa muda fulani, kisha hulinganisha orodha za matukio mawili au matatu na kutafuta namba inayojirudia. Orodha hizo hukusanya watu wengi wasiohusika. Katika kesi ya Perry, iliyoamuliwa na mahakama ya juu ya Massachusetts mwaka 2022, zilikuwa na taarifa za watu zaidi ya 50,000. Mahakama ikakubali njia hiyo kwa masharti ya hati iliyo mahususi. Februari 2025 hakimu wa shirikisho kule Mississippi alikataa kabisa kutoa hati za namna hiyo. Namba ya mdogo wako kuonekana katika orodha kama hiyo ina maana moja tu, kwamba alikuwa eneo lile, jambo ambalo hata yeye halikani.

Google nayo kwa miaka mingi iliombwa itoe simu zote zilizokuwa ndani ya duara lililochorwa kwenye ramani. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya rufani ya mzunguko wa 5 ilisema hati hizo zinakiuka katiba. Mzunguko wa 4 ulikuwa na mtazamo mwingine. Kwa vitendo mlango huo umebana, kwa kuwa Google ilitangaza Desemba 2023 kwamba historia ya mahali itahifadhiwa ndani ya simu ya mtumiaji. Lakini funzo lake limebaki. Huko Avondale, Arizona, mwaka 2018, mwanamume mmoja alikamatwa kwa mauaji ya risasi baada ya akaunti yake ya Google kuonekana eneo la tukio, akakaa mahabusu karibu wiki nzima kabla ya kuachiwa. Akaunti moja inaweza kuwa wazi kwenye simu mbili, na gari lake lilikuwa likitumiwa pia na mtu mwingine, ambaye baadaye ndiye aliyekamatwa.

Kwa hiyo baada ya kujua simu ilikuwa wapi, bado polisi wana kazi ya kuonyesha nani aliishika. Hutafuta uso uliofungua kioo dakika chache kabla, picha aliyojipiga, ujumbe wa "nafika sasa hivi" kwa mama yake, mahali simu inapolala kila usiku. Simu ikikaa kimya wakati wa risasi nako kunahitaji kuchunguzwa: ilizimwa kwa mkono, au betri ilifika asilimia 1? Kumbukumbu za ndani mara nyingi hujibu, kama zimechukuliwa mapema.

Kwa hiyo fanyeni haya wiki hii. Asifute chochote, si kwenye akaunti, si kwenye bekapu, wala asitumie simu nyingine kuifuta ile kwa mbali. Sheria ya shirikisho kuhusu kuharibu kumbukumbu ili kuzuia uchunguzi inabeba kifungo cha hadi miaka 20, na kufuta huonekana. Nanyi msiwasiliane na mashahidi wengine kupanga maelezo. Wakili aombe nakala ya hati, orodha ya vitu vilivyochukuliwa, na tarehe ya kila kimoja. Aandike mapema kuwataka polisi wachukue data za matumizi na za mahali kabla hazijajifuta, na kampuni ya mtandao izitunze zile za umbali kutoka mnarani, maana zinaweza kumsaidia mdogo wako kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe anaweza kupakua data zake kutoka Google na Apple bila idhini ya mtu. Afanye hivyo na kumkabidhi wakili faili zima bila kulifungua na kulipangapanga.

Kama atashtakiwa, wakili asiridhike na ripoti ya PDF. Adai faili kamili la uchukuaji pamoja na alama yake ya SHA-256, na majedwali ya kampuni katika umbo lilelile yaliyotumwa nalo, pamoja na maelezo ya kampuni kuhusu saa. Denmark ililazimika mwaka 2019 kupitia upya kesi zaidi ya 10,000 kwa sababu programu iliyobadilisha data ghafi za simu kuwa ripoti ilikuwa ikidondosha sehemu ya data, na ripoti zenyewe zilionekana hazina kasoro. Simu yenyewe, ikiwa mdogo wako ni shahidi tu na nakala imeshachukuliwa, iombwe irudishwe kwa barua. Kukataliwa kukija kwa maandishi, mahakama inaweza kuombwa iamuru irudi.